Chuma Ulichonipa, Kaka

Homa Bay,
Jumapili mchana

Kaka yangu Marwa,

Natumaini barua hii inakukuta una nguvu, wewe na shemeji na watoto wote hapo Ntimaru. Goti la Mama je? Mwambie aache kubeba maji. Ana wajukuu wanne wenye shingo ngumu. Mimi ni mzima, ila samaki wa huku wamenichosha, na ugali wa wimbi nauota.

Umeuliza kama ni kweli nilifukuzwa gereji. Aliyekuletea habari hiyo aliniona nikifagia, akakimbia nayo. Sikufukuzwa. Ngoja nikueleze.

Hapa kuna daktari wa misheni, mama mmoja kutoka Ulaya, anayezunguka zahanati hadi kule Uriri. Gari lake ni jipya na matairi yake hayana tyubu. Alileta gurudumu lenye pancha, nikalipokea kwa furaha. Unajua ulivyonifundisha: chuma cha kubandulia tairi kianzie karibu na valvu, ili tyubu isibanwe. Mkono wangu ulienda hapo wenyewe. Nikasikia kah! Kumbe nyuma ya valvu kulifungwa kidude kidogo kama kiberiti, cha kupima upepo. Tairi likipungua, taa inawaka mbele ya dereva. Nilikuwa nimekipasua vipande viwili.

Ouma, fundi mwenzangu, alininong'oneza kwa lile neno lao la kumwita ndugu, "Omera, nyamaza. Tunatoa tu balbu ya hiyo taa. Nani atajua? Wewe hata mwezi haujamaliza hapa."

Kaka, sitakuficha, nilitamani. Nilikuwa kwenye majaribio, na niliona aibu kurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini yule mama huendesha peke yake kwenye mawe ya Uriri, na taa isipowaka anajua tairi ni zima. Nikaokota vipande, nikampelekea mwenye gereji, Mzee Odhiambo.

"Nani alikuona ukivunja?"

"Hakuna mtu, mzee."

Akavigeuzageuza mkononi. "Basi utafagia mpaka ingine ikuje. Chuma usishike."

Nilifagia wiki tano. Katika wiki ya tatu Ouma alipata kidude kingine kutoka Nairobi, umbo lile lile, na Mzee alitaka kifungwe tumalize maneno. Nikakiweka kando ya vile vipande. Namba zilizochorwa zilikuwa tofauti, na kitabu cha gari kinasema lazima zifanane, la sivyo gari halikisikii kidude.

"Hii hapana, mzee. Tungoje ile inatoka kwa wenye kuunda gari."

"Unapenda ufagio?"

"Siupendi. Lakini hii hapana."

Akaguna tu. Nikarudi kwenye ufagio wangu, na hasira pia nilikuwa nayo, maana vijana wa mlangoni walikwisha kuniita Bwana Fagio.

Kile chenye namba sawa kilipofika kwa posta, Mzee alikiweka mezani. "Mwita aifunge."

Ouma akaruka. "Si yeye ndio alivunja ile ingine?"

"Ndio maana. Yeye anajua inavunjikia wapi."

Chuma nilikiingiza mbali na valvu, polepole, kama mtu anayemvua mtoto shati lililoshikana na kidonda. Tulipomaliza, daktari akatembeza gari kuelekea Rongo, mimi nikiwa nimekaa kando yake nikiikodolea macho ile taa, iliyokuwa ikiwaka tangu nilipokivunja kile cha kwanza. Hatujafika mbali, ikazimika: gari limekisikia kidude. Nilipiga kelele mpaka yule mama akashtuka.

Kwa hiyo ile kazi uliyoniombea Migori, washukuru wenyewe, lakini siji. Nitakaa hapa mpaka magari haya yaniogope. Na gari la namna hii likifika kwako, nakuomba kwa heshima, usianzie kwenye valvu.

Nisalimie Mama, shemeji, na mjomba wetu wa mashamba ya tumbaku. Yule aliyekuletea habari za ufagio, msalimie pia.

Chuma ulichonipa siku ile naondoka ndicho ninachofanyia kazi hadi leo. Nimebadilisha mahali pa kuanzia tu.

Mdogo wako,
Mwita