Upawa Wangu Kwenye Uchaguzi wa Misi

Machakos mjini,
Jikoni kwa shule,
Ijumaa jioni.

Kwa dada yangu, mwana wa mwaitu,

Salamu nyingi kutoka huku vilimani. Natumai barua hii itakukuta huko Shimba Hills ukiwa umesimama wima, mgongo umeacha kukusumbua na minazi ya shemeji inazaa. Sisi tuko wazima. Mimi ni mzima kupita kiasi. Juzi daktari alinipima mapigo ya moyo akaita wenzake waje wasikilize. Nakuandikia kwa Kiswahili, si Kikamba, ili shemeji asome mwenyewe na asiseme tena kwamba namsengenya ndani ya nyumba yake; neno la Kikamba ni hilo "mwaitu" tu, yaani mama yetu.

Kwa barua yako uliuliza jambo moja, na uliliuliza mara mbili: Misi ameanza kusema? Ukaandika kwamba kama binti yako bado yuko kimya, shule zikifungwa utakuja kumchukua, hata kama kwenu huko walimu hawatoshi. Nitakujibu, lakini nivumilie, maana habari ni ndefu na mimi mwenyewe nimo ndani.

Muhula ulipoanza hali haikuwa nzuri, sitakuficha. Kiswahili chake cha Pwani kiliwachekesha wenzake. Akisema tu, "Tafadhali nipishe," darasa la saba zima linaanguka kwa kicheko. Wakampa jina Redio. "Redio, leo kuna habari gani?" Na Kikamba chake unakijua, ni cha kuokoteza. Basi akafunga mdomo. Jikoni anakuja kunisaidia kupembua maharagwe, kimya. Nyumbani, kimya. Hata wale watoto wa mzee Msomali wa mbuzi, ambao Misi huenda nao chuoni kusoma Kurani Jumamosi, waliniuliza kama yeye ni bubu. Nilimpa hadithi zangu zote, na wewe unajua hadithi zangu zimewahi kumchekesha hadi padri kwenye mazishi. Yeye akatabasamu kwa upande mmoja tu.

Sasa sikia. Mwalimu Ndunge, anayewafundisha mambo ya uraia, alifika kwenye somo la uchaguzi na Bunge. Huyu mama hapendi kufundisha kwa ubao peke yake. Akasema shule itakuwa nchi, kila darasa litakuwa eneo la ubunge, na wabunge watakutana ukumbini kutunga sheria za shule.

Unajua alikuja kwa nani kutafuta ushauri? Kwangu. Ni kweli alikuja kuomba debe tupu la mafuta ya kupikia liwe sanduku la kura, lakini ushauri nilimpa pia. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi Bunge nalijua. Nilipita mbele yake kule Nairobi nikiwa na lile koti langu la kijivu, askari akanipigia saluti na kufungua geti. Singekuwa na haraka ya basi, leo ungeniita Mheshimiwa."

Akacheka. "Asante, Mjomba. Debe linatosha." Shule nzima huniita Mjomba kwa sababu ya Misi, hata mwalimu mkuu.

Katika darasa la saba alisimama Mutua, nahodha wa mpira, kijana mwenye mdomo kama dalali wa ng'ombe. Ilionekana atapita bila kupingwa. Lakini wasichana walikuwa na lao. Kila mtoto hapa huja shuleni na mtungi mdogo wa maji ya jikoni, na maji yakipungua mchana, wanaotumwa kisimani ni wasichana, wavulana wanabaki na mpira. Basi wasichana wakamzunguka Misi. "Simama wewe," wakamwambia. "Wewe si wa hapa. Ukishindwa huna cha kupoteza."

Akasema, "Haya."

Neno moja, dada. Nilipolisikia nilimwaga chumvi.

Hapo nikaingia kazini. Siasa za kwetu unazijua, mgombea haji mkutanoni mikono mitupu. Na mimi niko na nini? Niko na upawa. Saa ya chakula, mtoto wa darasa la saba akifika mbele ya sufuria namuuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ni wa nani?" Akisema ni wa Misi, upawa unazama hadi chini kwenye maharagwe. Akisema ni wa Mutua, upawa unaelea juu kwa juu kwenye mahindi na maji yake. Haikuchukua siku nyingi, darasa lote likawa la Misi. Hata Mutua mwenyewe akaja na sahani yake.

"Mjomba, mimi pia ni wa Misi."

"Wewe si ndiye mpinzani?"

"Nimehama chama, Mjomba. Mpaka nimalize kula."

Nikamjazia. Mtu kama huyo ukimnyima leo, kesho ni waziri.

Jioni hiyo Misi alirudi nyumbani akasimama mlangoni, mkoba bado uko mgongoni. "Mjomba, umewapa wenzangu maharagwe ili wanichague?"

"Nimewapa chakula chao."

"Umewapa na cha darasa la nne. Leo darasa la nne wamekula mahindi matupu."

Nikamweleza kwamba uchaguzi ndivyo unavyofanywa, tangu zamani, na wakubwa. Akaniangalia kama unavyoniangalia wewe. "Ndiyo maana Mwalimu anatufundisha," akasema, akapita ndani. Lakini moyoni nilifurahi kidogo, kwa sababu alikuwa hajaniambia maneno mengi hivyo tangu umwache hapa.

Siku ya kura nikaacha sufuria ichemke nikaenda kusimama dirishani. Mutua alihutubia kwanza. Aliahidi mpira mpya, jezi, na safari ya Mombasa ya kulala. Makofi. Akaitwa Misi. Kule nyuma ya darasa mmoja akapiga kelele, "Redio, fungulia!" Wakacheka. Yeye akangoja wamalize. Halafu akasema, kwa kile Kiswahili chenu kilichonyooka:

"Mimi ni Mwanamisi. Mjomba wangu amewapa maharagwe ili mnichague. Maharagwe yale si yake wala si yangu, ni ya darasa la nne. Aliyekula ameshakula. Lakini kura zenu hamkuzila, bado mnazo. Mkitaka wavulana nao wateke maji, nipeni mimi. Hamtaki, mpeni Mutua. Msinipe kwa ajili ya tumbo."

Dada, hakuna aliyecheka. Vichwa vyote viligeuka kuniangalia dirishani. Nikajifanya napangusa kioo, na dirisha lile halina kioo.

Wakapiga kura mmoja mmoja nyuma ya ubao uliogeuzwa, kila mtu akapakwa wino kidoleni, na Mwalimu Ndunge akahesabu kwa sauti mbele ya wote. Misi akashindwa. Kwa kura chache, lakini kushindwa ni kushindwa. Walioapa mbele ya sufuria yangu walikuwa wengi kuliko waliompigia. Nilirudi jikoni nikisema basi, sasa ndio amefunga mdomo kabisa, dada yangu atapanda basi aje amchukue, na kosa watasema ni langu.

Jumatatu Bunge likakutana ukumbini. Nilipeleka chai ya walimu mwenyewe ili nione. Mwalimu Ndunge akawaambia kazi ya kwanza ni kuchagua Spika, na kwamba Spika si lazima awe mbunge, bora awe mtu asiyependelea. Wakatazamana. Nani huyo? Mutua akainuka.

"Mimi namtaja Mwanamisi," akasema. "Kama amemsema mjomba wake anayempikia, sisi atatuogopa?"

Ukumbi mzima, "Ndiyooo!" Wakaenda kumwita darasani. Wakamkalisha kwenye kiti cha mwalimu mkuu na kumvika nywele za Spika zilizosukwa kwa nyuzi za mkonge. Nimeona watu wakubwa maishani, lakini nywele za katani hazijawahi kumkaa mtu vile.

Hoja ya kwanza, iliyoletwa na msichana mbunge wa darasa jingine, ikawa ya maji. Mutua akasimama kupinga, akasema wavulana wana kazi nyingi kuliko wasichana. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikapaza sauti mlangoni, "Uongo! Mpishi ni mimi, najua nani analeta maji!"

Spika akagonga meza. "Utulivu Bungeni! Mgeni aliye mlangoni hana ruhusa ya kusema. Atoke nje."

"Misi, ni mimi, Mjomba."

"Hapa hakuna mjomba. Kuna mgeni. Atoke."

Nikatoka na birika langu, ukumbi ukicheka, lakini safari hii hawakumcheka yeye. Sasa niambie, katika Machakos hii yote, ni wangapi wametolewa Bungeni na Spika mwenyewe? Mimi ni mmoja, na sijui wa pili.

Hoja ilipita. Wavulana wanateka maji, Mutua akiwaongoza na kudai kwamba wazo lilikuwa lake. Mwalimu mkuu aliniita ofisini, tukaongea kama wanaume wawili, na sasa darasa la nne ndio wanaopakuliwa wa kwanza, kutoka chini ya sufuria.

Na Misi? Dada, anasema. Anasema mpaka mimi sipati nafasi. Nikianza hadithi ananikatiza, "Mjomba, wiki jana simba alikuwa mmoja." Redio bado wanamwita, na akiitwa anaitika.

Kwa hivyo usije kumchukua. Njoo, lakini njoo siku ya wazazi, Bunge litakapoketi mbele ya watu. Spika ameagiza mama yake atafutiwe kiti cha mbele. Mimi ameniambia nitakaa nyuma, na nisiseme.

Nisalimie shemeji, mwambie binti yake anahukumu kama kadhi. Nisalimie nyanya yake Misi mzaa baba, pamoja na mdogo wetu wa mwisho anayekusaidia shambani, mwambie aache uvivu. Na wewe mwenyewe, mwana wa mwaitu, lala usingizi.

Ni mimi ndugu yako,
Kioko,
mpishi wa shule na mjomba wa Spika.