Mashine Sitini Bila Uzi

Jumatatu, 1 Septemba

Maji hayajaja kwenye ploti yetu ya Kitengela, siku ya nne. Nimenunua mitungi miwili kwa mwenye mkokoteni, nikaoga nusu ndoo. Saa mbili nilikuwa barabara ya Namanga.

Mhariri anataka makala kuhusu Zoni. Ndivyo watu wanavyoliita eneo la viwanda ambalo serikali imejenga kati ya Isinya na Kajiado ili kuvuta wawekezaji wa kibinafsi. Lami ya njia nne. Kituo cha umeme. Bomba la maji linalopita Kitengela bila kusimama. Magodauni kumi na mawili. Hadi sasa limejaa moja tu, nambari tatu. Kiwanda cha nguo, wanasema.

Nilikaa ndani ya gari nje ya ukuta hadi saa kumi na moja jioni. Mabasi mawili ya wafanyakazi yaliingia asubuhi, yakatoka jioni. King'ora kililia mara nne. Lori, hakuna. Niliandika sifuri, nikaipigia mstari.

Jumatano, 3 Septemba

Mama Melvin wa mlango wa pili hupanda moja ya mabasi yale. Mtu wa Vihiga, sauti kubwa, kicheko kikubwa zaidi. Kwa miaka kumi na mmoja alipanga waridi kwa urefu katika shamba la maua Isinya. Mwezi wa saba aliomba likizo bila malipo ajaribu Zoni. Shamba lilimpa hadi tarehe 30 mwezi huu. Asiporudi, nafasi inakwenda kwa mwingine, na zahanati ya shamba inakwenda nayo. Melvin, binti yake, ana pumu. Zahanati ile imemtoa mahali pabaya mara mbili. Mara moja nilimpeleka mimi kwa gari langu.

Nilimuuliza wanashona nini huko. Nguo. Nguo gani? Akasema sufuria inaungua, akaingia ndani. Jiko lake lilikuwa halijawashwa.

Alhamisi, 4 Septemba

Nyuma ya ukuta wa Zoni nilimkuta Lemayian, mfugaji, akichunga mbuzi. Nilimsalimu kwa Kimaasai, sopa, akaitika ipa, halafu akaniuliza kabla sijamuuliza.

"Madam, wewe umewahi kuona kiwanda haina takataka?"

Anavijua viwanda vya Kitengela na Athi River. Nyuma ya viwanda hivyo daima kuna kitu cha mbuzi: katoni, matambara, ugali wa jana.

"Hapa mbuzi yangu ilienda siku tatu. Ya nne ikakataa. Sasa inaniangalia kama mimi ndiye nilidanganya." Alicheka, kisha akaacha. "Watu wote hao hawatupi hata karatasi. Hawa ni watu kweli?"

Nikazunguka ukuta wote kwa miguu. Alisema kweli. Hakuna jalala. Hakuna moshi. Hakuna hata uzi mmoja ulionaswa kwenye miiba. Mashine tu, nyingi, zikienda na kusimama pamoja, zikienda na kusimama pamoja. Sikuipenda sauti ile. Nimeripoti mafuriko na ajali za malori, na sikumbuki mara ya mwisho, kabla ya leo, nilipoharakisha kurudi kwenye gari.

Jumapili, 7 Septemba

Mama Melvin amesema mwenyewe, akianika nguo baada ya kanisa. Alitia sahihi karatasi ya kunyamaza, kwa hivyo alinong'ona, na kwake kunong'ona ni kazi.

"Sindano haina uzi, mwandishi. Mwezi wa tatu sasa."

Wiki ya kwanza waliambiwa ni mafunzo. Wakangoja kitambaa. Hakikuja. Msimamizi akaleta target: mia nne kwa siku. Mia nne za nini? Mama Melvin akaweka chini beseni, akanionyesha. Mikono inasukuma kitu mbele, inageuza, inasukuma, inaweka kando. Hiyo ni moja. Kuna wanawake sitini wa mashine, kuna wanaume wanaokata meza tupu, kuna wanaopiga pasi. Mama mmoja wa Noonkopir alifika mia mbili na themanini siku tatu mfululizo, akafukuzwa.

Nilidhani tungecheka. Mishahara inakuja kila Ijumaa, haijachelewa. Nilipomuuliza kama atarudi kwenye maua kabla ya tarehe 30, alisema, "Lakini mimi ndiye line leader, naongoza safu nzima." Kisha, kwa sauti yake ya kawaida: "Sijawahi kukosa target hata siku moja."

Kwake si mchezo tena. Hilo ndilo lililonishtua.

Jumanne, 9 Septemba

Ofisi ya Zoni, Kajiado. Msemaji ni kijana nadhifu, tai ya kijani. Nilitegemea akanushe. Hakukanusha. Alinimiminia chai.

Mwekezaji akikuta godauni tupu, alisema, anarudi uwanja wa ndege. Akikuta watu wameketi, anauliza bei ya umeme. Barabara imejengwa, umeme upo, maji yapo. Kilichobaki ni watu, nao pia wamewekwa. "Hiyo ni infrastructure kama nyingine, madam." Aliniomba jambo moja tu: nisipige picha za nyuso.

Chai ilikuwa nzuri. Nimeudhika kwamba ilikuwa nzuri.

Jumatano, 17 Septemba

Ziara ya wawekezaji. Wageni saba, waandishi wanne. Tulipitishwa juu, kwenye ujia wenye vioo. Chini yetu vichwa sitini vya vitambaa vya buluu. Kutoka pale juu huwezi kujua kama kuna kitambaa chini ya sindano. Kelele ni ya kweli. Mvuke wa pasi ni wa kweli. Mwanamume wa mezani alikata hewa kwa mkasi mrefu, akafuata mstari wa chaki ambao haukuwepo, akapinda kwenye bega, akapinda kwenye kikwapa. Nilimwona akikosea. Akatikisa kichwa, akaanza upya.

Mgeni mmoja alipiga makofi.

Mama Melvin aliinua macho, akanitazama. Nilimpungia mkono. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na mikono yake haikusimama. Miaka sita tunachotea ndoo zetu maji bomba moja. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimemwambia wazi: makala inatoka Jumapili, basi la Zoni linaweza kusimama wiki ijayo, rudi shambani sasa. Nikamtajia kifua cha Melvin. Alinisikiliza vizuri. Alifikiri kweli, nilimwona.

"Na nikirudi," akasema, "ile mia nne yangu atafikisha nani?"

Jumapili, 21 Septemba

Imetoka. Ukurasa wa tano, bila picha za nyuso. Hadi jioni nimepigiwa simu kumi na nne. Hakuna aliyekasirika. Kumi na wawili walitaka kujua jinsi ya kuomba kazi.

Alhamisi, 25 Septemba

Kujibu makala yangu, Zoni imeleta kitambaa cha kweli. Robota tatu za pamba nyeupe, na nyuzi. Msemaji alinipigia mwenyewe kunijulisha. Nilifurahi, kwa ajili ya Mama Melvin. Sasa kazi itakuwa kazi.

Amerudi saa kumi na mbili, amechoka kuliko siku zote. Amenisimulia kama mtu anayelalamikia mfanyakazi mgeni.

"Kitambaa kinasumbua. Kinavuta mkono."

Wote sitini walishona kwa mwendo uleule, urefu uleule, kitambaa kiwepo au kiishe. Mshono ulivuka ukingo, ukaziba mikono ya shati, ukashona shati hili kwa lile. Vipande vilianguka sakafuni na hakuna aliyeinama kuokota. Hadi saa nne hakuna aliyekuwa amefika hata hamsini. Wanawake wawili walilia. Saa saba, msimamizi aliamuru kitambaa kiondolewe, na uzi pia.

"Mchana tukafidia," akasema. "Wote walifika mia nne. Wote." Alikuwa anatabasamu.

Jumanne, 30 Septemba

Upepo, vumbi jekundu. Asubuhi basi la shamba la maua lilisimama stejini dakika tano zaidi ya kawaida. Dereva anamjua. Alimwita kwa jina. Mama Melvin alimsalimu, akamuuliza habari za wenzake, akapanda basi la Zoni.

Saa tisa karani wa shamba alinipigia, kwa sababu simu ya Mama Melvin hufungiwa getini. Wameandika jina la mtu mwingine. Alisema pole, alikuwa amengoja hadi mwisho.

Alipofika nyumbani nilimpa habari hiyo mlangoni. Melvin alikuwa ndani, akikohoa kidogo, kwa sababu ya vumbi labda. Mama Melvin alisikiliza kikohozi kile hadi kikaisha. Akasema sawa.

Kisha akaniuliza mimi, kazini kwangu, huwa nafikisha ngapi kwa siku. Nilimwambia sisi hatuhesabu.

"Pole, jirani," akasema, na alimaanisha. Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.