Niliyakata Maneno ya Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Juu ya duka la vitambaa,
Jumapili, tarehe 14, saa tisa alasiri.

Mpendwa Mama Mdogo,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku ile daktari alipouliza mama anaumwa nini, sikumfikishia maneno ya mama. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Unanijua.

Sasa shikamoo. U hali gani huko, na kifua chako kimetulia? Uliposema umehamishiwa zamu ya asubuhi nilifurahi, angalau unalala kama watu wengine. Huku baba yuko safarini na lori lake, atarudi mwisho wa mwezi. Mimi naendelea na shule, na bado nikiitwa mbele ya darasa nasema sentensi moja, nakimbilia kukaa.

Mama ndiye hayuko sawa. Mkono wake wa kulia unakufa ganzi, na mwezi uliopita tulikwenda hospitali. Daktari yule haelewi lugha yetu, na mama haelewi ile tunayofundishiwa shuleni, kwa hiyo nikawekwa katikati. Mama akaanza kueleza. Alieleza kwa utulivu, kama anavyompima mteja wa nguo: bega, kiwiko, vidole. Na mimi, Mama Mdogo, nilisikia sentensi ya kwanza tu. Baada ya hapo nilikuwa natengeneza yangu kichwani, nisije nikakosea mbele ya nesi ambaye binti yake nasoma naye. Nilikuwa nasubiri mama anyamaze. Aliponyamaza nikamwambia daktari: mkono unamuuma. Basi. Akaandika dawa ya kuchua, akamwita anayefuata.

Mlangoni mama akanitazama. "Mbona mimi nimetoa gunia, wewe umempa kijiko?"

"Lugha yao fupi, Mama."

Akacheka, akaamini. Siku hizi anawasimulia wateja: "Wenzetu wale wana lugha ya kubana, kama suruali iliyopungukiwa kitambaa!" Wanacheka wote. Mimi naingia ndani.

Jumatano mteja alikuja kuchukua suti. Mama alikuwa akiipiga pasi mara ya mwisho, mimi nafagia vipande. Ghafla mteja akanusa harufu ya kuungua, akapaza sauti: "Fundi, unaniunguzia suti!" Mama akainua pasi haraka, akaikagua suti mbele na nyuma. Nzima. Mteja naye akaikagua. Ndipo nilipoona vidole viwili vya mama vimebabuka kwa pasi. Alikuwa hajasikia maumivu yoyote.

Nilimwambia turudi kwa daktari. Akanijibu huku akivifunga vidole kitambaa: "Kurudi kufanya nini, mwanangu? Nilimweleza yote. Kama ameyasikia yote yale akaona ni ya kuchua, basi ni ya kuchua."



Ijumaa nilivuta kigoda karibu na cherehani, nikamwomba anieleze tena kama siku ile. "Leo umeanza udaktari?" akanitania. Kisha akaeleza. Sikutengeneza sentensi yoyote. Alipotulia nilimwacha atulie, kama wewe kwenye simu, mtu akidhani umekata unasema "nipo, endelea". Na baada ya kutulia ndipo yalipotoka mengine. Kwamba mkono ule hautofautishi maji ya moto na ya baridi. Kwamba kwa miezi sasa, kila asubuhi hufunga vifungo vyake kwa mkono wa kushoto, amegeukia ukuta tusimwone. Kwamba anaogopa mkono huu utamwachisha kazi, na hajui amwambie nani tena, maana daktari alishaambiwa, akanyamaza.

Miezi yote hiyo tulikuwa tunalala chumba kimoja.

Nimeyaandika yote kwa lugha ya daktari, ukurasa na nusu. Lugha yao si fupi hata kidogo. Kliniki ni kesho saa mbili asubuhi. Kilichobaki ni mama kukubali kwenda, na hatakubali mpaka ajue kwamba daktari hakuwahi kuyasikia, na kosa lilikuwa la nani. Mara tatu nimefungua mdomo. Mara ya mwisho nikajikuta namuuliza kama chai ina sukari.

Mfikishie salamu Baba Mdogo, na wale mapacha wako uwabane mashavu kwa niaba yangu. Bibi anakusalimu, anasema kwenye picha uliyotuma umekonda. Mungu akuweke, na akikupa wa kuzungumza naye, awe mtu wa kukungoja umalize.

Nasikia hatua za mama kwenye ngazi. Tangu nianze barua hii nimeifunika mara mbili kwa daftari la hesabu. Sasa daftari nimeliweka chini. Mama husoma polepole, lakini hairuki hata mistari ya tarehe. Nimemvutia kiti.

Ni mimi mwanao, nikupendaye kuliko ninavyoweza kusema kwa mdomo.