Ua la Saidi

Jumanne, 8 Juni 1954

Baridi. Unga umekataa kuumuka. Mandazi ya leo ni mawe, nimeyauza hivyo hivyo hapo mlangoni na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Mume wangu Saidi amerudi kutoka Ruiru, kwenye bustani ya mzungu wa kahawa anakofanya kazi, na kabla ya kunawa uso kaenda kwa maua yake ya kosmosi. Mbegu alizileta mwanzo wa mvua, zimefungwa kwenye leso. Mimi nilitaka mchicha pale. Sasa majani yamenipita kimo na ua hata moja hakuna. Anakata ncha kwa kisu, ati ukikata kichwa kimoja vinatoka viwili. Nikamwambia habari za kukata vichwa aziache huko huko Ruiru, mwaka huu hazichekeshi. Akacheka.

Alhamisi, 10 Juni

Lori la askari limekuja asubuhi kusaka watu wa msituni. Wanaume wote wa mtaa wetu wa Majengo wamechuchumalishwa sokoni, mikono kichwani. Karatasi ya pasi ya Saidi imechanika pembe moja. Kwa pembe hiyo amepigwa kitako cha bunduki mbavuni, mara ya pili mdomoni. Kusilimu hakukumsaidia. Jina ni la Kiislamu, uso ni wa Kikuyu, na siku hizi wanaangalia uso.

Aliyempiga ni Kahiu, homugadi, askari wa kienyeji wa serikali, kutoka Mugutha. Kila asubuhi anakula mandazi yangu. Namchukia.

Jumatatu, 14 Juni

Ua la kwanza limefunguka. Rangi ya waridi, katikati manjano. Saidi, na mdomo wake uliovimba, aliniita kama mtoto aliyeona treni. Nilitaka kuliwekea samadi, akanishika mkono. Udongo duni ndio unaolifaa. Ukilishibisha linatoa majani matupu.

Ni zuri. Sikumwambia.

Ijumaa, 18 Juni

Gari la kipaza sauti limepita. Amri: kila nyumba itoe ua kabla ya kesho jioni, askari wanataka kuona ndani. Asiyetii, nyumba yake itachomwa.

Saidi alichukua panga akaenda kusimama mbele ya kosmosi, machozi yanamtoka. Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamwambia, wee mume wangu, ni ua huu wa makuti na miti, unaozunguka nyumba!

"Hiyo ni fensi," akasema. Hasira zilimpanda. "Kwa nini mseme ua? Ua ni hii, ua ni ile, na kuua mtu pia ni ua. Nyinyi mtakuja kupotea na hii Kiswahili yenu."

Nikamjibu mgeni haji kwa watu akawafundisha kusema. Tukang'oa ua pamoja, nguzo baada ya nguzo. Tumebaki uchi. Mashimo ya nguzo yamejipanga kando ya barabara kama ufizi uliong'olewa meno.

Jumapili, 20 Juni

Wameweka maiti karibu na soko, watu waione wajifunze. Kijana. Mdomo wazi, nzi ndani. Mguu mmoja una kiatu. Nilipita nimefunika uso kwa buibui na bado nilimwona.

Kosmosi zote zimefunguka. Kwa kuwa hakuna ua, njia nzima inaziona. Nimemwomba Saidi azikate, zinaita macho. Akasema macho yanayoangalia maua hayana ubaya. Mjinga. Ninaogopa kila gari linapopunguza mwendo.

Jumamosi, 26 Juni

Wamemuua Saidi.

Naandika ili nisipige kichwa ukutani.

Ilikuwa asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye karai la mafuta. Yeye alikuwa amepiga magoti katikati ya kosmosi, anafunga mashina kwenye vijiti, haonekani. Land Rover ikasimama. Ofisa wa kizungu, na Kahiu nyuma na bunduki. Mzungu hakuwa na hasira. Alikuwa anatabasamu. Alinyoosha fimbo yake kwenye maua akasema kile Kiswahili chao cha jikoni:

"Ua! Ile kubwa! Pesi pesi! Ya memsabu!"

Alitaka ua la kumpelekea mkewe. Saidi alimwelewa. Alilikata lile kubwa akainuka nalo, ua mkono huu, kisu mkono huu.

Kahiu alisikia ua. Akaona Mkikuyu anatoka kwenye majani na kisu. Akapiga.

Risasi iliingia begani. Saidi alikaa chini, bado amelishika. Mzungu akaruka akipiga kelele, "Hapana! Ua! Ua!" huku anaonyesha ua kwa fimbo.

Kahiu akapiga tena. Shingoni.

Damu ilifika kwenye moto wangu.

Tumemzika alasiri. Udongo duni.

Jumatatu, 28 Juni

Ofisa amekuja na mkalimani. Amevua kofia. Ati ni ajali, ati ni makosa ya lugha. Lugha ni yangu. Haikukosa. Nilitema mate chini na mkalimani hakutafsiri.

Alhamisi, 1 Julai

Wanawake wameniambia mwenye eda hutulia ndani. Siwezi kutulia. Nimewasha moto nikakaanga.

Kahiu amekuja. Alisimama mbali kidogo, macho chini. "Mama," akasema, "mimi nilisikia ua. Nilifanya vile niliambiwa." Kisha, Mungu wangu, akaulizia mandazi.

Nikainua karai, nikamsogelea, nikammwagia mafuta.

Alilia kama mbuzi. Ngozi ya mguu ilitoka pamoja na soksi. Nilifurahi. Naiandika hapa kwa kuwa ni kweli: nilifurahi. Lori nalisikia linakuja.

Jumapili, 22 Agosti

Wameniachia. Meno mawili ya mbele sina, na kidole kimoja hakikunjiki. Karibu nusu ya eda yangu nimeikaa kwenye sakafu ya jela.

Kosmosi zimekauka zikiwa zimesimama. Hakuna aliyezigusa. Vichwa vimejaa mbegu nyeusi, nyembamba kama sindano. Nilichukua panga nikazikata zote. Nilizipiga hata zilipokuwa tayari chini. Nikasukumiza mabua na vichwa vyake kwenye mashimo ya nguzo, nikakanyaga, nikafukia. Nilimtukana Saidi kwa kufa. Nikalala nyuma ya mlango.

Jumapili, 21 Novemba

Eda iliisha mwanzo wa mwezi. Leo ndiyo nimejifunga leso ya rangi.

Mvua ni ya wastani. Unga umeumuka vizuri. Amri ya kutojenga ua bado ipo, nyumba zote ziko wazi.

Yale mashimo ya nguzo yameota. Kosmosi, mstari mmoja kando ya barabara, kutoka pembe hii ya nyumba mpaka ile. Zimefika gotini. Sikuweka samadi. Asubuhi nilikata ncha kwa kisu cha Saidi, moja moja.

Jirani alipokuja kununua mandazi alisimama akazitazama. Akaniuliza ni nini hiyo niliyopanda.

"Fensi," nikamwambia.