Maziwa ya Kibibi

Shangazi mpenzi,

Sijamwambia mtu mwingine: nusura huruma yangu imuue Kibibi, mbuzi wetu mweupe. Tangu nimalize shule, kazi ya kukamua ni yangu, na kila asubuhi niliwaacha wanawe wanyonye kwanza. Baba alikuwa anapima kilichobaki.

Mwezi huu kikundi cha wafugaji kimeleta dume wa mbegu bora. Ada ya kupandisha ni kubwa, kwa hiyo Baba analipia majike wenye maziwa mengi tu. Alimtazama Kibibi akasema, "Huyu anakula kama mgeni na kulipa kama mgeni. Aende buchani!"

"Baba watoto, mpe wiki moja," Mama akamwombea.

Tangu siku hiyo nawafungia watoto wa Kibibi mbali naye, nakamua kwanza mimi. Ndoo inajaa. Jana Kibibi alipandishwa, na Baba anawatambia majirani kwamba ni majani aliyomkatia. Watoto wamekonda kidogo. Nawaletea majani laini, wananitazama tu.

Kaka yako akikupigia simu kusifu majani yake, mpongeze. Haya mengine yabaki kwako, Shangazi. Akijua, atataka niwafungie watoto wa mbuzi wote.

Mwanao,
Kimya