Mpira Uliopita Shimo

Thamesmead, London

Mjukuu wangu Chebet,

Huku hatujambo, ila baridi inamsumbua nyanya yako magoti. Umeniuliza kama uache gofu, kwa kuwa umeondolewa tena mashindanoni kabla ya siku ya mwisho.

Miaka yote niliyocheza gofu kwa riziki sikushinda shindano hata moja. Mara moja tu nilikaribia, kwenye shindano la Nairobi. Kwetu, pale penye shimo palikuwa na mchanga, na mpira ulitaka nguvu. Nairobi palikuwa na nyasi laini, mpira unateleza wenyewe. Kwenye shimo la mwisho nikajisahau, nikapiga kama nyumbani. Mpira ukapita shimo, ukateremka mbali.

"Wee Kiprono," Otieno, mpinzani wangu, akacheka, "unaurudisha mpira kwenu Kapsabet?"

Akashinda yeye. Niliapa kuacha, lakini asubuhi nikajikuta uwanjani peke yangu, viatu vimelowa umande, nikipiga mipira huku naimba. Asubuhi ile naitamani hadi leo. Hapa London nyasi ni nyingi, ila miguu haitaki tena.

Siwezi kukuahidi ushindi. Kesho ukiamka ukitamani kucheza, nenda. Ukitamani kulala, lala, kisha uje ukae nasi. Chumba kipo.

Babu yako