Lantana Uliyonipa

Kitale,
Jumapili, baada ya kanisa

Mama mpendwa,

Mulembe sana. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Sisi tu wazima, ila mume wangu Wanyonyi anakohoa na kukataa dawa, unamjua kichwa chake. Utauliza mbona barua na simu ninayo. Kwa simu ningekata kabla sijafika mwisho.

Mama, kijito cha hapa chini kimerudi! Tangu Januari tunajitolea kila Jumamosi, watu ishirini, tukiongozwa na mwalimu mstaafu Chepkirui. Tulifyeka kichaka kilichofunika kingo zote mbili na kunyonya maji yote, tukachimba mizizi. Chepkirui akasema tusipande kitu, tungoje mvua, ati udongo hausahau. Nilimcheka kichinichini.

Mvua za Aprili zikaja. Jumamosi moja tuliposhuka tulikuta mafunjo yamechipuka yenyewe, na mikuyu midogo ambayo hakuna aliyeipanda. Mbegu zilikuwa zimelala chini ya kichaka miaka yote hiyo! Maji membamba, safi, yalikuwa yakitoka chini ya jiwe. Korongo wawili wakatutazama kana kwamba sisi ndio wageni. Nilivua viatu, mama, sijui kwa nini.

Sasa niseme lililoniketisha hapa. Kichaka chenyewe kilikuwa lantana. Chepkirui alieleza kwamba ndege hula matunda yake na kutawanya mbegu, akauliza ni nani aliyeileta huku kwanza. Wazee wakasema hawajui. Mimi nilijua. Ni ua ulilonifungia kwenye kitambaa nilipoolewa nije kulipanda hapa nyumbani, ukasema nikilitazama nisilie. Niliinamisha kichwa nikaendelea kuchimba. Kila ukipiga simu unauliza ua lako, nami najibu linachanua. Nimekudanganya tangu Februari. Nililing'oa kwa mikono yangu, na nililia.

Na wewe umelipanda kwenye kaburi la baba, hatua chache tu kutoka kijito chetu cha Bungoma, pale alipokuwa akinywa kwa viganja kabla ya kwenda shamba. Uliniambia kimekauka, ni mapenzi ya Mungu. Mama, nadhani tumemsingizia Mungu.

Nitakuja Ijumaa na jembe langu. Kaburi ni la mume wako, siwezi kukuamuru. Ukikataa, tutakunywa chai. Ukikubali, tutaling'oa pamoja, halafu tukae hapo karibu na baba tungoje mvua.

Nisalimie dada Nabwile na kina mama wa kanisani. Wanyonyi anauliza kama kutakuwa na kuku.

Ni mimi binti yako, niliyekudanganya na ninayekupenda,
Jentrix